Kabla ya kumruhusu, muulize atalala wapi

Karatasi ya kuruhusiwa inayotolewa idara ya dharura huandikwa kana kwamba kila mgonjwa ana nyumba. Inua mguu juu ya mito miwili. Badilisha bendeji kila siku kwa mikono safi. Meza kidonge kimoja mara nne kwa siku, tumbo likiwa tupu. Hifadhi dawa kwenye friji. Pumzika siku tatu. Rudi kliniki Jumanne saa mbili asubuhi, tutakupigia simu kukukumbusha. Mtu anayelala nje hana mto, hana bomba la maji, hana friji, na mara nyingi simu yake imeshaibiwa. Siku chache baadaye anarudi na kidonda kilekile, safari hii kinatoa usaha, na kwenye faili panaandikwa kwamba mgonjwa hafuati maagizo. Hakuna anayeandika kwamba maagizo yenyewe hayakutekelezeka.

Haya ni kwa wauguzi, madaktari, maafisa ustawi wa jamii na watu wa kujitolea wanaowapokea wagonjwa hawa. Mengi hapa hayahitaji fedha mpya. Yanahitaji swali moja liulizwe mapema, na jibu lake libadilishe kinachoandikwa.

Kuhusu nani hasa anakuja, porojo ni nyingi kuliko hesabu. Utafiti wa San Francisco uliochapishwa mwaka 2002 uliwahoji watu 2,578 waliokuwa hawana makazi au wakiishi kwenye vyumba visivyo vya uhakika. Asilimia 40.4 ndio waliokuwa wamefika idara ya dharura angalau mara moja ndani ya mwaka. Wengi zaidi hawakufika kabisa. Kundi dogo la asilimia 7.9, waliokuja zaidi ya mara tatu, lilibeba asilimia 54.5 ya mahudhurio yote. Kwa hiyo kuna matatizo mawili, na dawa zake ni tofauti. Kwa wengi, shida ni kwamba hawaji, au wanakuja wakati ugonjwa umeshakomaa. Kwa wachache, shida ni kwamba wanakuja, wanatibiwa nusu, wanarudi. Ukipanga huduma ya wote kwa kuwatazama wale wachache unaowajua kwa majina, utawakosa walio wengi.

Sababu ya kuja huku badala ya kliniki haihitaji falsafa. Kliniki ina miadi, na miadi huangukia saa zilezile za foleni ya chakula au foleni ya kitanda cha usiku. Ukiikosa foleni ya kitanda, umelala nje. Kliniki inataka anwani na kadi. Idara ya dharura iko wazi usiku na mchana. Marekani, sheria ya mwaka 1986 iitwayo EMTALA inazilazimisha hospitali zinazopokea fedha za Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, kumpima kila anayefika akitaka huduma na kuituliza hali yake ya dharura, awe na uwezo wa kulipa au asiwe nao. Hata bila sheria ya namna hiyo, mtu anayeishi nje anajua mlango upi huwa haufungwi.

Na ndiyo, wapo wanaokuja kwa sababu ya mvua, baridi, au mtu anayewawinda mtaani. Hilo lisikusumbue sana. Aliyekuja kukwepa baridi anaweza kuwa na joto la mwili la nyuzi 34, na aliyekimbia kupigwa anaweza kuwa ameshapigwa. Mpime kwanza, kisha ndipo uamue alikuja kwa nini.

Mapokezi

Usiulize "Una makazi?" Wengi watajibu ndiyo. Wengine wanaogopa kunyang'anywa watoto, wengine wanaogopa polisi, wengine wanajua kwamba jibu la hapana hubadilisha sura ya anayewauliza. Wapo pia wasiojihesabu kuwa hawana makazi kwa sababu wanalala kwenye gari au kwenye kochi la rafiki, zamu kwa zamu. Uliza maswali mawili mepesi: "Usiku wa jana ulilala wapi?" na "Leo unategemea kulala wapi?" Waulize wagonjwa wote, ili swali lisiwe kidole anachonyoshewa mwenye nguo chafu. Jibu liandikwe mahali ambapo daktari ataliona. Mfumo wa ICD-10, unaoyapa magonjwa na hali za wagonjwa alama za kuhesabia, una alama yake, Z59.0, na usipoiweka hesabu za hospitali zitaonyesha kwamba watu hawa hawapo.

Kisha uliza vitu viwili ambavyo fomu haina: mzigo wako uko wapi, na una mnyama? Mtu aliyeacha begi lenye hati, dawa na blanketi chini ya daraja anahesabu dakika. Aliyefunga mbwa nje anahesabu pia. Hawa ndio wanaoondoka kabla ya kuonwa, halafu tunasema hawana subira. Mfuko mkubwa wenye namba ya mgonjwa, mahali pa kuuweka panapofungwa, na ruhusa ya kwenda kuutazama bila kupoteza nafasi kwenye foleni huwabakiza wengi kuliko mahubiri. Mlinzi wa mlangoni asimnyang'anye dawa zake wakati wa upekuzi bila kumwandikia. Zikipotea pale, hospitali imetengeneza dharura ya kesho.

Jina likiitwa mara moja na mtu asijibu, asifutwe. Huenda amelala kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili. Ita, nenda ukaangalie kwenye viti, angalia nje ya mlango, rudia baada ya dakika 15. Aliyelala fofofo kwenye kiti atikiswe na apimwe upya kila saa, maana usingizi na kupoteza fahamu hufanana ukiwa umesimama mbali.

"Amelewa tu"

Hapa ndipo watu wanapokufa. Harufu ya pombe inaingia chumbani kabla ya mgonjwa, na kila mtu anaacha kufikiri. Kwa mgonjwa yeyote anayenuka pombe na hajielewi vizuri, pima sukari ya damu, oksijeni, joto, na kagua kichwa chote kwa vidole, pamoja na nyuma ya masikio. Mlevi wa muda mrefu huanguka mara nyingi, ubongo wake umesinyaa kidogo, damu yake haigandi vizuri kwa sababu ya ini. Damu inaweza kujikusanya taratibu chini ya utando wa ubongo kwa siku kadhaa baada ya kuanguka ambako hata hakukumbuki. Usingizi wa pombe hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Usiopungua, au unaozidi, utafutiwe sababu nyingine, na anayepaswa kuliona hilo ni yule aliyeandika saa na hali kila alipopita. Maneno "analala, yuko sawa" yakiandikwa mara sita mfululizo hayamsaidii mtu.

Kipimajoto nacho kina mtego wake. Vingi vya kawaida huishia karibu nyuzi 34, na vile vya kupitisha kwenye paji la uso hudanganyika na ngozi iliyopoa. Mwili uliopoa kupita kiasi ni ule ulio chini ya nyuzi 35, na hauhitaji theluji: nguo zilizolowa, upepo, njaa na pombe zinatosha katika usiku ambao wewe ungeuita wa baridi kidogo. Tumia kipimo kinachosoma chini, cha njia ya haja kubwa au cha koo la chakula kwa aliyepoteza fahamu. Vua nguo zilizolowa kabla ya kuweka blanketi juu yake. Kosa la kufunika nguo mbichi hutokea zaidi ya unavyodhani.

Halafu kuna aliyeacha kunywa kwa sababu amekaa kwenye kiti chako. Kutetemeka na jasho huanza saa 6 hadi 24 baada ya pombe ya mwisho, degedege huja zaidi kati ya saa 6 na 48, na kuchanganyikiwa kwa kuona visivyokuwepo, ambako huua, huja kati ya siku ya 2 na ya 4. Kwa hiyo uliza saa ya pombe ya mwisho, na kama amewahi kupata degedege alipoacha. Aliyelazwa kwa mguu uliovunjika na hakuulizwa ataanza kuona wadudu ukutani siku ya tatu, na wodi itaita daktari wa akili. Mpe vitamini B1 kwa mshipa mapema, kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo. Lakini sukari ikiwa imeshuka, usiicheleweshe kwa kusubiri vitamini. Upungufu wa B1 huharibu ubongo, na dalili zake tatu, yaani macho yasiyotembea sawa, mwendo wa kuyumba na kuchanganyikiwa, mara chache huonekana zote kwa pamoja. Ukisubiri zitimie umechelewa.

Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa, huanza mapema kuliko uvumilivu wa foleni: saa 8 hadi 12 tangu dozi ya mwisho, wengine hata kabla. Mgonjwa mwenye jipu kubwa mkononi anajua kwamba akikaa humu saa 10 ataumwa vibaya, basi anaondoka jipu likiwa halijapasuliwa. Mtibu arosto kwanza, ndipo utapata nafasi ya kutibu jipu. Buprenofini, dawa ya kutibu utegemezi wa heroini, huanzishwa dalili za arosto zikishaonekana wazi. Ikitolewa mapema mno huamsha arosto kali ghafla, na mtu huyo hatakuamini tena. Anayetumia methadoni, dawa nyingine ya utegemezi huo, piga simu kituo chake uhakikishe kipimo na siku aliyokunywa mwisho. Akiwa amekosa siku kadhaa, uzoefu wa mwili umeshuka na dozi yake kamili inaweza kumuua. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, wakati dawa aliyotumia inaweza kudumu zaidi, kwa hiyo aliyezinduka na kusema yuko sawa anahitaji kuangaliwa, si kupongezwa. Aondoke na naloksoni mkononi, na kama kuna rafiki aliyekuja naye, rafiki ndiye aonyeshwe jinsi ya kuitumia. Mtu hawezi kujipulizia akiwa amezimia.

Vua viatu

Kila mgonjwa anayelala nje avuliwe viatu na soksi, hata kama amekuja kwa kikohozi. Atakataa kwa aibu ya harufu. Leta beseni la maji ya uvuguvugu na taulo bila kutoa maelezo marefu. Kuosha miguu huchukua dakika 10 na katika dakika hizo utasikia historia ambayo fomu haikuipata. Angalia katikati ya vidole, kisigino, na chini ya kucha. Mwenye kisukari apimwe hisia kwa uzi wa nailoni wa gramu 10, unaobonyezwa kwenye ngozi.

Mguu uliokaa kwenye unyevu na baridi kwa siku nyingi huwa mweupe, umekunyata, umekufa ganzi. Ukipata joto unakuwa mwekundu, unavimba na kuuma kama moto. Si lazima barafu iwepo, hata nyuzi 10 au 15 juu ya sifuri zinatosha soksi zikibaki mbichi mchana na usiku. Safisha, kausha, inua, acha upate joto taratibu kwenye hewa ya chumba. Usisugue wala usiweke maji ya moto. Mguu ulioganda kweli ni jambo jingine: huo huyeyushwa kwa maji ya nyuzi 37 hadi 39, kwa kiasi cha nusu saa, mpaka ngozi ilainike na rangi irudi, na maumivu yake huhitaji dawa kali. Nyama iliyoyeyushwa ikiganda tena huharibika kuliko mwanzo. Hiyo ina maana kwamba huwezi kumyeyusha mtu mguu saa nne usiku na kumruhusu saa nane kwenda kulala nje. Usipokuwa na kitanda, tafuta aliye nacho kabla ya kugusa maji.

Upele wa wadudu una dawa nzuri isiyowezekana mtaani. Krimu ya pemethrini ya asilimia 5 hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni, ikae saa 8 hadi 14, ioshwe, na irudiwe baada ya wiki. Mtu asiye na bafu wala mahali pa faragha ataipaka wapi? Ivermektini ya kumeza, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, dozi mbili zenye nafasi ya siku 7 hadi 14, hufaa zaidi hapa kwa asiye mjamzito: ya kwanza aimeze mbele yako pamoja na chakula, ya pili aandikiwe siku na mahali pa kuipata. Nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zifungwe kwenye mfuko siku 3 au zaidi, jambo ambalo halitafanyika bila kumpa nguo nyingine. Chawa wa mwilini ni hivyohivyo, tena zaidi, kwa kuwa hawaishi kwenye ngozi bali kwenye mishono ya nguo. Ukimpaka dawa na kumrudishia koti lake umewapa chakula. Chawa hao huambukiza bakteria wa Bartonella quintana, ambao huleta homa za kurudiarudia na kuharibu vali za moyo. Mwenye chawa, homa na mlio mpya wa moyo achunguzwe hata kama damu iliyooteshwa maabara kutafuta bakteria haikuota kitu.

Soksi zitolewe jozi mbili au tatu, si moja. Jozi moja hulowa.

Dawa zinazoweza kuishi mtaani

Kabla ya kuandika dawa yoyote, ipitishe akilini siku nzima ya mtu asiye na mlango wa kufunga. Inahitaji maji? Chakula? Friji? Choo? Inaleta usingizi? Inaweza kuuzwa au kuporwa?

Dawa ya kupunguza maji mwilini ni mfano mzuri, kwa sababu kila mtu huisahau. Furosemidi huanza kazi ndani ya saa moja na huendelea kama saa 6, na mtu asiye na choo cha karibu hawezi kuimeza asubuhi anapofukuzwa kwenye kitanda cha usiku. Anaiacha, anavimba miguu, anarudi akihema. Panga naye saa: labda anapofika kituo cha mchana chenye choo, ili mradi si jioni akalala nje akiwa ameloa. Dozi iliyocheleweshwa ni bora kuliko dozi isiyomezwa.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, aina nyingi huvumilia joto la kawaida la chumba kwa takriban siku 28. Kwa hiyo mpe kalamu moja, si boksi la miezi mitatu. Joto kali huiua, na ikiganda usiku wa baridi itupwe hata kama inaonekana sawa. Mfuko wa ndani ya nguo, karibu na mwili lakini si kwenye ngozi, ni mahali pazuri. Hatari kubwa zaidi ni sukari kushuka usiku kwa mtu aliye peke yake na asiyejua atakula lini, na atakayemkuta atadhani amelewa. Heshimu hatari hiyo kuliko namba za vitabuni: lenga sukari ya juu kidogo, chagua insulini ya mara moja kwa siku inapowezekana, na ogopa vidonge vinavyoshusha sukari hata mtu asipokula, kama glibenklamidi. Metifomini peke yake haina mtego huo.

Viuavijasumu vya mara nne kwa siku, tumbo tupu, vitamezwa mara mbili. Chagua vya mara moja au mbili, au vya sindano moja pale vinapotosha. Doksisaiklini ni nzuri kwa ratiba, ila imezwe kwa maji mengi na mtu akae wima nusu saa, la sivyo huchubua koo la chakula. Na huifanya ngozi iungue na jua kwa mtu anayeshinda juani. Kwa maambukizi makubwa ya ngozi ipo dalbavansini, miligramu 1500 kwa dripu moja, ambayo hukaa mwilini wiki kadhaa. Ni ghali kweli. Linganisha bei yake na kitanda cha wodi, usiilinganishe na vidonge ambavyo havitamezwa.

Dawa za usingizi, na zile za mzio au za maumivu ya mishipa zinazolewesha, zina gharama nyingine mtaani: anayelala fofofo huibiwa, hubakwa, hupoa bila kuamka. Akikuambia hamezi kidonge cha usiku, mara nyingi sababu ni hiyo, na ni sababu ya akili. Baadhi ya dawa hizi zina soko pia, na aliyetoka na vidonge 60 ana sababu 60 za kuporwa. Mpe kidogo, mara kwa mara, na umpe dawa yenyewe mkononi. Karatasi ya kwenda kununua duka la dawa ni sawa na kutompa kitu.

Mashine ya mvuke inahitaji umeme; pampu ya pumu yenye chupa ya kupitishia hewa haihitaji. Mshono utumie uzi unaoyeyuka wenyewe, maana wa kutolewa baada ya siku 10 hautatolewa. Bendeji iwe ya kukaa siku 3 hadi 7 na isiyopitisha maji, na vifaa vya kubadilisha viwe kwenye mfuko wa kufunga. Magongo mawili yanamaanisha hakuna mkono wa kubeba begi. Kiatu cha kutembelea, mfupa ukiruhusu, humwacha na mikono yake.

Kumtoa mlangoni

Saa ya kuruhusu ni sehemu ya tiba. Makao ya usiku yana saa ya kupanga foleni na saa ya kufunga. Mwite msimamizi kwa simu, upate jina lake, na uulize vitu halisi. Kuna ngazi ngapi? Kitanda cha chini kipo? Mwenye kifafa au mguu uliovunjika akipewa kitanda cha juu atarudi na kichwa kilichopasuka. Wanaruhusu sindano ndani? Kuna friji? Asubuhi wanafukuza saa ngapi? Makao mengi hufunga mchana, kwa hiyo "pumzika siku tatu" ina maana ya kutembea siku tatu, isipokuwa barua yako iombe abaki ndani, na isipokuwa mtu aliyeisoma akubali. Andika barua hiyo kwa sentensi nne, kwa lugha ya mtu asiye daktari, na umpe mgonjwa nakala. Makao mengi hayapokei mtu asiyeweza kuamka, kwenda choo na kuvaa peke yake. Mpime hayo wodini kwa kumtembeza, usikisie.

Ukimkatia nguo, mtafutie nyingine. Sheria ya California ya mwaka 2018, SB 1152, iliyaandika mambo haya yote kisheria: hospitali impe mgonjwa asiye na makazi chakula, nguo zinazofaa hali ya hewa, dawa kama ina duka lake, usafiri hadi mahali anapokwenda ndani ya dakika 30 au maili 30, na iweke kumbukumbu. Ukweli kwamba ilibidi itungwe sheria ya kumpa mtu suruali unajieleza. Uingereza, tangu Oktoba 2018, idara za dharura za England zina wajibu wa kumpeleka kwa halmashauri, kwa ridhaa yake, mgonjwa asiye na makazi au aliye karibu kuyapoteza. Rufaa hiyo ikiachwa mpaka dakika ya kuruhusu, huwa ni barua pepe tu. Ianzishwe mapokezi.

Miadi ya saa kamili haifai. Mpe dirisha, kwa mfano asubuhi yoyote kati ya siku tatu, aingie bila kupangiwa. Kuna pia majibu yanayochelewa. Damu iliyooteshwa inaota bakteria baada ya siku mbili, na mwenyewe ameshaondoka. Kabla hajatoka, chukua kwa ridhaa yake: mahali anapolala kwa kawaida, kituo anachokula, jina la mfanyakazi wa mtaani anayemjua, jina analoitwa huko maana huenda si lile la kwenye faili. Mwonyeshe kwenye karatasi siku ya kupiga simu au kupita mwenyewe kuulizia majibu.

Kinachopunguza kurudi

Hofu ya kwamba ukiwahudumia vizuri watazoea ilishapimwa. Toronto, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995, watu wazima 133 wasio na makazi waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata mtu wa kujitolea wa kukaa nao na kuwasikiliza wakiwa idara ya dharura. Waliopata huruma hiyo walirudi mara chache zaidi, kwa takriban theluthi moja. Anayeridhika hana haja ya kurudi kutafuta kile alichonyimwa.

Kubwa zaidi ni nyumba. Chicago, jaribio lililochapishwa mwaka 2009 liliwachukua wagonjwa 407 waliolazwa, wasio na makazi na wenye magonjwa ya muda mrefu. Kundi moja lilipelekwa kwanza kwenye kituo cha kupona, kisha makazi ya kudumu, likiwa na msimamizi wa kesi njia nzima. Kulazwa kulipungua kwa asilimia 29 na mahudhurio ya dharura kwa asilimia 24, baada ya kusawazisha tofauti za wagonjwa. Vituo vya kupona vyenyewe si wazo geni: mpango wa Boston wa huduma za afya kwa wasio na makazi, ulioanza mwaka 1985, umekuwa na vitanda vya aina hiyo kwa mtu anayeumwa kiasi cha kutoweza kukaa mtaani lakini si kiasi cha kulazwa hospitali. Idara isiyo na kitanda cha namna hiyo itaendelea kuchagua kati ya wodi na barabara, na usiku wodi ikijaa jibu linajulikana.

Ila tusiahidi kupita kiasi. Timu za Pathway za Uingereza, zilizoanzia University College Hospital ya London mwaka 2009, huwakutanisha daktari wa jamii, wauguzi na watu waliowahi kulala nje wenyewe. Zilipojaribiwa kwa bahati nasibu katika hospitali nyingine, siku za kulazwa hazikupungua. Kilichobadilika ni kwamba waliotoka hospitali kwenda kulala barabarani walikuwa asilimia 3.8, dhidi ya 14.6 kwa waliopata huduma ya kawaida. Msimamizi anayetafuta kuokoa fedha peke yake atauita huo mradi ulioshindwa.

Kwa wale wachache wanaokuja mara nyingi, mpango wa mtu mmoja mmoja hufanya kazi ukiwa wa ukurasa mmoja, umeandikwa pamoja naye, na una tarehe ya kuisha, kwa mfano baada ya miezi sita. Uwe na hali yake ya kawaida (anavyoongea akiwa mzima, oksijeni yake ya kila siku), dawa, wa kumpigia simu, na kipi kikibadilika kinadai uchunguzi mpya. Alama ya "mhudhuriaji sugu" isiyo na mpango humfanya daktari wa usiku asome alama badala ya kumpima mgonjwa.

Na mpango huo ukipimwa kwa idadi ya mahudhurio, fuatilia kila jina lililotoweka kwenye orodha kabla ya kuandika ripoti. Mtu anaweza kuwa amepata chumba. Anaweza pia kuwa gerezani, amehamia hospitali ya upande wa pili wa mji, au amefariki, na kwenye jedwali wote wanne wanahesabika sawasawa.